Tenda Yetu Imetupwa: Siku 14 za Kudai Haki

Somo hili ni la kusomwa pamoja katika mkutano wa kikundi. Mtu mmoja asome kwa sauti, kipande kwa kipande, na kila kipande kikiisha msimame kidogo mjadiliane. Litachukua kama saa 2. Wenye nakala ya tenda yoyote waliyowahi kuomba, pamoja na barua waliyojibiwa, waje nazo.

Lengo la somo: Mwisho wa somo kila mwanachama ajue mambo 3. Kwanza, barua ya kukataliwa tenda inapaswa kusema nini. Pili, siku za kulalamika ni ngapi na zinahesabiwaje. Tatu, ni malalamishi gani yafaa kupelekwa mbele na ni yapi yafaa kuachwa.

1. KISA CHA KUANZIA

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kina wanachama 22. Wanalima maharagwe, na kila Alhamisi huweka akiba na kukopeshana. Siku moja walipata habari kwamba taasisi moja ya umma inatafuta wa kuiletea maharagwe na mahindi kwa mwaka mzima, na kwamba tenda hiyo imetengewa akina mama. Walifurahi sana. Biashara yao ilikuwa imesajiliwa, cheti cha ushuru walikuwa nacho. Wakajaza karatasi zote, wakapeleka bahasha kabla ya saa ya kufunga. Tena wakakopa katika mfuko wa kikundi, wakanunua magunia 40 ya maharagwe, ili jibu zuri likija lisiwakute mikono mitupu.

Jibu likaja. Ilikuwa barua ya mistari 3 tu: tunasikitika, tenda yenu haikutimiza masharti, asanteni kwa kushiriki.

Mama mweka hazina akatuletea barua hiyo. Hapa ni lazima tuseme ukweli, maana somo hili limetokana na kosa letu wenyewe. Tuliwaambia wangoje. Tulisema, "Akina mama, tusianze ugomvi na wakubwa. Twendeni kwanza kwa heshima, tuulize." Basi tukaenda. Mara ya kwanza afisa alikuwa mkutanoni. Mara ya pili tukaambiwa faili iko kwa mkubwa. Mara ya tatu, siku ya 20 tangu barua ifike, ndipo tukaambiwa sababu: ati kikundi hakikuweka dhamana ya benki.

Tuliifungua hati ya zabuni pale pale kwenye benchi la nje. Kumbe ilisema wazi kwamba kwa kuwa tenda imetengewa akina mama, dhamana ya benki haitakiwi. Fomu ya ahadi iliyotiwa sahihi inatosha. Na fomu hiyo walikuwa wameijaza na kuitia sahihi. Haki ilikuwa upande wao kabisa. Lakini siku za kulalamika zilikuwa zimepita, na mkataba ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi na mtu mwingine. Maharagwe yakauzwa sokoni kwa hasara, na mengine yakaliwa na fukusi. Deni la mfuko walililipa kwa miezi 9.

Wazee husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii matumbo yaliyoumia yalikuwa ya akina mama, na ushauri wa kungoja ulikuwa wetu.

Jadilianeni: Je, sisi katika kikundi chetu tumewahi kunyimwa tenda? Tuliambiwa sababu gani? Tulifanya nini?

2. TENDA YA UMMA SI HISANI

Wengi wetu tunaposikia neno tenda, au zabuni kama inavyoandikwa kwenye karatasi, tunafikiri ni zawadi ya mkubwa kwa watu wake. Sivyo. Fedha zinazotumiwa ni za wananchi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 227, inasema kwamba ofisi ya umma inaponunua vitu au huduma, ni lazima itumie njia ya haki, ya usawa, ya wazi, ya ushindani na ya gharama nafuu.

Ili kutimiza hayo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, ambayo ilianza kutumika Januari 2016. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2020. Sheria hii inazihusu wizara, kaunti, shule za serikali, hospitali za serikali na mashirika ya umma. Haimhusu mwenye duka wala kampuni ya mtu binafsi inayonunua kwa fedha zake.

Sheria hiyo inasema pia kwamba angalau asilimia 30 ya ununuzi itengewe biashara za akina mama, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Mpango huu ulizinduliwa mwaka 2013 na wengi wanaujua kwa jina la AGPO. Ili biashara ihesabiwe kuwa ya akina mama, kwa mfano, akina mama wawe angalau asilimia 70 ya wenye biashara, na uongozi wote uwe mikononi mwao. Katika tenda zilizotengwa hivyo, sheria haidai dhamana ya benki. Inatosha kujaza na kutia sahihi fomu ya ahadi. Akina mama wa kisa chetu walitupwa kwa jambo ambalo sheria yenyewe ilikuwa imewaondolea.

3. KWA NINI TENDA HUTUPWA?

Kazi ya kuchagua ina hatua. Kwanza kamati hutazama kama karatasi zote za lazima zimo. Halafu hutazama uwezo wa kufanya kazi. Mwisho hutazama bei. Ukianguka katika hatua ya kwanza, bei yako haitazamwi hata kama ndiyo ya chini kuliko zote. Ndiyo maana mtu husema, "Mbona sisi tulikuwa rahisi na bado tukanyimwa?" Kumbe hakufika kwenye bei.

Lakini kamati nayo imefungwa. Sheria inasema kamati itumie masharti yaliyoandikwa katika hati ya zabuni, na hayo tu. Ni kama mpira. Mwamuzi hawezi kuja na sheria mpya mchezo ukiwa umeanza. Hati ikisema leteni vyeti 5, kamati haiwezi kukutupa kwa kukosa cheti cha 6.

Sababu za haki za kutupwa ni kama hizi:

- Cheti cha lazima hakikuwamo, kwa mfano cheti cha ushuru, au kilikuwa kimepitwa na wakati.
- Fomu ya bei haikutiwa sahihi, wakati hati ilitaka itiwe.
- Kurasa hazikuandikwa namba. Msicheke. Sheria inataka hati ya zabuni iwaagize waombaji kutia namba kurasa zote kwa mfululizo, na wengi wameanguka hapo.
- Bahasha ilifika dakika chache baada ya saa ya kufunga. Iliyochelewa haipokelewi.
- Karatasi ya uongo. Hii ni mbaya kuliko zote. Unaweza kufungiwa usiombe tenda yoyote ya umma kwa muda usiopungua miaka 3.

Sababu zisizo za haki ni kama hizi:

- Kudaiwa kitu ambacho hati ya zabuni haikukitaja.
- Kuambiwa cheti fulani hakikuwamo, hali kilikuwamo na kina namba ya ukurasa.
- Kutupwa kwa kosa ambalo mwingine alilifanya vile vile na akapita.
- Kutupwa kwa kosa dogo lisilogusa kiini cha tenda. Sheria inasema kosa la namna hiyo, linaloweza kurekebishwa bila kubadilisha tenda yenyewe, lisiiharibu.

Hapo pa mwisho tuwe waangalifu. Watu hupenda kusema, "Lilikuwa kosa dogo tu." Bodi na mahakama mara nyingi zimesema kwamba jambo likiandikwa kuwa sharti la lazima, haliwi dogo tena, hata kama kwa macho yetu linaonekana dogo. Basi tusiweke tumaini letu lote katika kusamehewa.

Jadilianeni: Kati ya sababu hizi zote, ni ipi inayoweza kutuangusha sisi? Nani katika kikundi atakuwa na kazi ya kuhesabu kurasa?

4. BARUA YA KUKATALIWA: ISOMENI HIVI

Ofisi inapomwandikia aliyeshinda, ni lazima iwaandikie na walioshindwa. Na barua ya walioshindwa ni lazima iseme nani ameshinda na kwa nini ninyi hamkufaulu. "Hamkutimiza masharti" siyo sababu. Ni sharti gani? Liko ukurasa gani wa hati ya zabuni? Barua isiyo na sababu ni kosa la ofisi, na kosa hilo peke yake laweza kulalamikiwa.

Barua ikifika, fanyeni mambo haya siku hiyo hiyo:

- Andikeni juu ya barua tarehe na saa iliyofika, na aliyeipokea atie sahihi. Kama ilikuja kwa baruapepe, ichapeni na muihifadhi.
- Weni na karatasi 3 mezani: barua, hati ya zabuni, na nakala ya tenda mliyopeleka. Tafuteni sharti lililotajwa. Je, limo katika hati? Halafu tafuteni katika nakala yenu. Je, mlilitimiza?
- Kama barua haina sababu, andikeni barua fupi ya kuuliza na muipeleke kesho yake asubuhi. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.
- Itisheni kamati ya kikundi ndani ya siku 2. Msingoje Alhamisi ya mkutano.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kisichobaki na nakala ya tenda yake hakina cha kuonyesha. Kabla hamjafunga bahasha, pigeni kopi ya kila ukurasa. Tena siku ya kufungua bahasha, tumeni watu 2. Kufungua hufanywa wazi, mara baada ya saa ya kufunga, mbele ya waombaji wanaotaka kuwapo, na majina na bei husomwa kwa sauti. Waandike kila kinachosomwa. Mnaweza pia kuomba nakala ya kumbukumbu za ufunguzi.

5. SIKU 14 ZINAHESABIWAJE?

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Sheria inampa aliyeonewa siku 14 tu za kupeleka malalamishi. Siku hizo huanza mnapoarifiwa matokeo, au siku kosa lilipotokea. Katika siku hizo 14 tangu kuarifu matokeo, ofisi nayo hairuhusiwi kutia sahihi mkataba na aliyeshinda. Mlango uko wazi kwa muda huo, kisha unafungwa.

Siku ya kuarifiwa haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Mfano: mmearifiwa Jumanne tarehe 3. Siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 4. Siku ya 14 ni Jumanne tarehe 17. Ombi lenu liwe limefika na kupokelewa kabla ofisi hazijafungwa siku hiyo. Kama barua ina tarehe ya mapema kuliko siku iliyowafikia, hesabuni kwa ile ya mapema, msije mkaingia katika mabishano.

Angalieni sana jambo hili: kwenda kumwona afisa hakusimamishi siku. Kuandika barua ya kuuliza hakusimamishi siku. Ahadi ya "njooni wiki ijayo" haisimamishi siku. Ulizeni, ndiyo, tena kwa heshima, lakini huku mnatayarisha karatasi za kulalamika. Hilo ndilo hatukulijua sisi tulipokuwa tunakaa kwenye benchi.

Kuna mtego mwingine. Wakati mwingine ubaya umo ndani ya hati ya zabuni yenyewe. Kwa mfano, tenda ya vijana inadai miaka 10 ya kazi ya namna hiyo hiyo. Kijana wa miaka 24 ataitoa wapi? Kama mnaona sharti limewekwa ili kumpendelea mtu, lalamikeni mapema, ndani ya siku 14 tangu mlipoliona. Mkikaa kimya, mkaomba, mkashindwa, halafu ndipo mseme sharti lilikuwa baya, mtaambiwa mmechelewa.

6. MALALAMISHI YANAPELEKWA WAPI?

Hayapelekwi kwa chifu, wala kwa mheshimiwa diwani, wala redioni. Yanapelekwa kwa bodi ya kitaifa ya kukagua malalamishi ya ununuzi wa umma, iliyoko Nairobi. Maofisa huiita PPARB. Sisi tutaiita Bodi. Chombo cha namna hii kilianzishwa kwa mara ya kwanza na kanuni za mwaka 2001, na sheria zilizofuata zimekiendeleza.

Anayeruhusiwa kulalamika ni yule aliyechukua hati ya zabuni au aliyepeleka zabuni. Jirani aliyeona mambo yanaharibika hawezi kulalamika kwa niaba yenu. Ombi lenu liwe na haya:

- Fomu ya Bodi iliyojazwa.
- Maelezo ya mambo yalivyokwenda, kwa tarehe, bila matusi na bila uvumi.
- Kifungu cha sheria, au sharti la hati, mnalodai limevunjwa.
- Hasara mliyoipata au mtakayoipata. Msiiruke hii. Sheria inamtaka mlalamishi aonyeshe kwamba ameumia au yuko hatarini kuumia.
- Ushahidi: barua, hati ya zabuni, nakala yenu, na taarifa ya kiapo.
- Ada. Hiyo huenda na ukubwa wa tenda. Ulizeni ofisi ya Bodi kiasi chake siku ya kwanza kabisa, maana ombi bila ada halipokelewi.

Andikeni pia majina ya wahusika wanaotakiwa na sheria. Mmoja wao ni afisa mhasibu wa ofisi inayonunua. Huyu si karani wa hesabu. Ni mkuu anayebeba jukumu la fedha za ofisi hiyo. Mwingine ni yule aliyeambiwa ameshinda. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotoka Mombasa, ilisema kwamba ombi lililoitaja ofisi na kumwacha nje afisa mhasibu lilikuwa na dosari ya kuliangusha. Neno moja likikosekana juu ya karatasi laweza kuangusha haki kubwa.

Kwa sababu hii, ingawa sheria haiwalazimishi kuwa na wakili, ni vizuri wakili au mtu anayeijua sheria hii asome karatasi zenu kabla hazijapelekwa. Kama hamna uwezo, ulizeni mapema katika ofisi za msaada wa sheria. Jihadharini na madalali. Akija mtu aseme, "Nipeni kitu kidogo, nina mtu ndani ya Bodi," huyo mfukuzeni. Hiyo ni rushwa, na atakayeshtakiwa si yeye peke yake.

7. BODI IKIPOKEA OMBI

Mara ombi linapopokelewa, Bodi huiarifu ofisi inayonunua, na shughuli ya tenda husimama. Hakuna mkataba wa kutiwa sahihi. Hii ni nguvu kubwa ambayo sheria imempa hata mtu mdogo. Bodi ina siku 21 tu za kuamua. Tangu janga la korona la mwaka 2020, Bodi imekuwa ikitumia sana maandishi na mtandao, basi msifikiri kwamba ni lazima kikundi kizima kipande basi.

Bodi inaweza kufuta uamuzi wa ofisi, kuiagiza ifanye jambo fulani, au kuamuru tenda yote ianze upya. Mara nyingi inachoamuru ni tenda yenu irudishwe mezani ikaguliwe tena kwa haki pamoja na nyingine. Muelewe hapo: kushinda kwa Bodi si lazima kuwe kupata tenda. Mwaweza kurudishwa mezani, mkakaguliwa kwa haki, na bado mwingine akawa na bei nzuri kuliko yenu.

Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi, awe ninyi au ofisi, ana njia hii:

- Siku 14 za kwenda Mahakama Kuu. Zikipita bila mtu kwenda, uamuzi wa Bodi unakuwa wa mwisho.
- Mahakama Kuu ina siku 45 za kuamua.
- Kutoka hapo kuna siku 7 za kwenda Mahakama ya Rufani, nayo ina siku 45. Kwa sheria hii, huo ndio mwisho.

Mnaona kwamba siku ni chache kila mahali. Kuna sababu. Wagonjwa wanangoja dawa na watoto wanangoja chakula. Sheria haikutaka ununuzi ukwame kwa miaka kwa sababu ya kesi.

8. KABLA HAMJAPIGA HATUA, PIGENI HESABU

Haki ni nzuri, lakini fedha za mfuko ni jasho la watu. Mwenyekiti asiamue peke yake. Kamati ikae, itazame karatasi, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Jiulizeni: Kosa la ofisi liko wapi, kwa karatasi na si kwa maneno? Sisi wenyewe tulitimiza kila sharti la lazima? Ada na nauli ni kiasi gani, na faida ya tenda ingekuwa kiasi gani? Tukishindwa, mfuko utasimama?

Msiende kwa hasira tu. Sheria inairuhusu Bodi kulitupa ombi lisilo na msingi, au lililoletwa ili kuchelewesha wengine, na mlalamishi akabebeshwa gharama. Tena Bodi haiwezi kuingilia mkataba uliokwisha kutiwa sahihi kwa kufuata sheria. Lakini ukitiwa sahihi kabla ya zile siku 14 kuisha, huo haukufuata sheria, na bado mna la kusema.

Akina mama wetu 22 waliomba tena tenda nyingine mwaka uliofuata, na wakakataliwa tena. Safari hii walikaa jioni ile ile na karatasi zao 3 mezani. Barua ilisema kurasa 4 za mwisho hazina namba. Wakatazama nakala yao. Kweli, hazikuwa na namba, na hati ilikuwa imedai. Hapo Mama Mwenyekiti akasema, "Haya, hili ni letu." Hawakulalamika, na fedha za mfuko zikabaki salama. Hata hivyo walimwandikia afisa barua ya kumshukuru kwa kutaja sababu wazi. Sasa wana daftari la tenda, na mama mmoja ambaye hakusoma sana, lakini macho yake ni makali, ndiye anayehesabu kurasa kabla bahasha haijafungwa. Magunia hawanunui tena mpaka mkataba uwe mkononi.

9. ZOEZI: BARUA 3

Gawanyikeni makundi 3. Kila kundi lichukue barua moja, liamue: twende kwa Bodi au tusiende? Kwa nini?

Barua ya kwanza: "Tenda yenu imekataliwa kwa kuwa hamna gari lenu la kusafirishia mizigo." Hati ya zabuni haikutaja gari popote. Barua ilifika siku 5 zilizopita.

Barua ya pili: "Tenda yenu imekataliwa kwa kuwa cheti cha ushuru kilikuwa kimekwisha muda." Hati ilidai cheti kilicho hai. Mnapotazama nakala yenu, mnaona kilikwisha wiki moja kabla ya kufungua bahasha.

Barua ya tatu: "Tenda yenu haikufaulu. Asanteni." Hakuna sababu wala jina la mshindi. Ilifika siku 11 zilizopita, na afisa amesema mrudi Jumatatu ijayo.

Mwongozo wa kiongozi: Barua ya kwanza ina msingi mzuri, maana kamati imeleta sharti lake yenyewe, bado kuna siku 9. Barua ya pili isipelekwe. Kosa ni letu, na dawa yake ni kuandika tarehe za vyeti vyote ukutani. Barua ya tatu ni kisa chetu cha mwanzo. Kuna siku 3 tu. Kukosekana kwa sababu ni kosa la ofisi, kwa hiyo kamati ikae leo leo na karatasi zitayarishwe. Anayesema tungoje Jumatatu, mwulizeni Jumatatu hiyo itakuwa siku ya ngapi.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu 2 wa kutunza daftari la tenda. Wakusanye vyeti vyote vya kikundi na kuandika kila kimoja kinakwisha lini. Halafu kila mwanachama ajifunze kuhesabu siku 14 bila kutazama karatasi hii. Tutakapowatembelea tutamwuliza yeyote, hata yule anayekaa karibu na mlango.